CHENI YA MOTERI IKILIA, USINGOJE MTELEMKO

Ndugu mfanyakazi, kama una Toyota Hilux ya zamani yenye moteri 22R, isikilize asubuhi unapoiwasha ingali baridi. Mbele ya moteri kukitoka mlio wa krr-krr kisha ukanyamaza upesi, mafuta yamekawia tu kufika kwenye kikaza-cheni. Mlio ukiendelea hata moteri ikishika moto, ndani kumeharibika. Usiongeze sauti ya redio!

Kikaza-cheni ni chombo kidogo kinachosukumwa na presha ya mafuta ili cheni isilegee. Katika 22R zilizotoka tangu 1983 hivi, cheni ni ya mstari mmoja, nayo hupita kati ya vipande vya plastiki. Plastiki huzeeka na kuvunjika. Ndipo cheni iliyolegea huanza kula kifuniko chake cha aluminiamu, na nyuma ya ukuta huo hupita maji ya radiatere. Ukitoboka, maji huingia katika mafuta. Chomoa kijiti cha kupimia mafuta: ukiona rangi ya chai ya maziwa, usiendeshe tena hata kilomita moja.

Fikiri sasa unatelemka kutoka Mushaki kwenda Sake, jamaa wamejaa nyuma. Cheni ikikatika, moteri huzimika papo hapo. Breki haipotei, lakini msaada wa moteri hubaki wa kukanyaga mara moja au mbili tu. Halafu pedali huwa ngumu kama jiwe. Usiipige-pige. Kanyaga kwa nguvu bila kuachia, na vuta breki ya mkono polepole.

Kubadili kikaza-cheni peke yake ni akiba ya bure. Badili pamoja na cheni, meno yake na vipande vya plastiki, na kifuniko kama kimeliwa. Safisha pia karteri, kwa sababu plastiki iliyovunjika huangukia humo na kuziba njia ya mafuta.

Karteri imefungwa pamoja na kifuniko cha cheni, kwa hiyo lazima mtu aingie chini ya gari. Hapa ndipo watu wanapokufa. Kriki ni ya kuinulia gari, si ya kulalia chini yake, na udongo wetu wakati wa mvua huimeza. Tafuta mahali pagumu palipo sawa, zuia magurudumu kwa magogo, simamisha gari juu ya miguu ya chuma. Mawe ya volkano na matofali hupasuka bila kukuonya. Kabla hujaingia, lisukume gari kwa mikono uone kama linatikisika.

Ondoa waya wa bateri, na ufunguo ukae mfukoni mwako: mtoto akiuzungusha, vidole vyako viko kwenye cheni. Nawe mama, dawa ya radiatere ni tamu lakini ni sumu. Isibaki katika beseni uani.

Ukimaliza kufunga, zungusha moteri kwa ufunguo wa mkono mara mbili. Alama za meno zitarudi mahali pake. Viungo vya cheni vinavyong'aa havitarudi, usishtuke. Ikigoma kuzunguka, usilazimishe, fungua upya. Kisha iwashe nje, si ndani ya garaji iliyofungwa. Mlio wa sekunde chache mara ya kwanza si kitu. Ukizidi hapo, zima.