Kisu cha mfukoni cha bei rahisi: Opinel namba 8 kwenye mizani



Kila mgeni anayenikuta namenya chungwa kwa kisu changu cha kukunja huniuliza maswali mawili: umekinunua wapi, na kwa kiasi gani? Swali la tatu, ambalo ndilo kubwa kuliko yote, hakuna anayeliuliza. Mie mwenyewe sikuliuliza mpaka nilipokaribia kumtia mpwa wangu matatani. Kwa hivyo leo nimeona niyajibu yote matatu pamoja.

Kisu chenyewe ni Opinel namba 8, cha Kifaransa. Joseph Opinel, aliyekianzisha, alikuwa mtoto wa fundi wa zana katika milima ya Savoie, na kisu chake cha mwanzo alikitengeneza mwaka 1890. Mwaka 1897 akavipanga visu vyake kwa ukubwa, namba 1 hadi 12. Namba 8 ndicho cha kati na kati. Ubapa wake, yaani kile chuma chenye makali, una urefu wa sentimita 8.5, na uzito wa kisu kizima haufiki gramu 60. Ukishakitia mfukoni unasahau kama unacho, na kusahau huko, kama mtakavyoona mbele, ndiko kwenye balaa. Mie nilikinunua sokoni Annecy, na bei yake hata leo haifiki yuro 20.

Uzuri wake ni uchache wa vitu vyake: ubapa, mpini wa mbao, ribiti moja, kola ya chuma, na pete inayozunguka juu ya kola hiyo. Basi, hakuna jingine la kuharibika. Pete iliongezwa mwaka 1955. Ukishafungua kisu unaizungusha kwa kidole gumba, nacho hakikunjiki tena mpaka uirejeshe. Tangu mwaka 2000 pete hiyo inaweza pia kukifunga kikiwa kimekunjwa, kisije kikafunguka ndani ya mfuko. Mtu aliyewahi kukatwa na kisu kilichojikunja juu ya vidole vyake hahitaji kuelezwa thamani ya pete hii. Mie nnayo alama mpaka leo, ya kisu kingine, cha bei rahisi zaidi.

Kuna aina mbili za chuma cha pua. Ya kwanza imepigwa chapa "Carbone". Hii inanoleka upesi, dakika chache tu juu ya kinoo, na makali yake yanakuwa kama ya wembe. Lakini inashika kutu. Ukikatia ndimu au embe bichi ukaacha kukifuta, ubapa unageuka rangi, na chungwa utakalomenya baadaye linaonja chuma. Aina ya pili imepigwa chapa "Inox", nayo haishiki kutu kwa wepesi, ila kuinoa kunataka subira kidogo. Nimekaa na vyote viwili. Kwetu sisi watu wa ndimu na achari, ushauri wangu ni Inox.

Ila zake pia nizitaje, nisionekane nafanya biashara. Mpini ukirowana mbao inavimba na kisu kinakataa kufunguka. Watu wa Savoie wana hila yao: hugonga kitako cha mpini juu ya meza, ubapa ukachomoza wenyewe. Bora zaidi ni kutokiloweka, na usithubutu kukitia kwenye mashine ya kuoshea vyombo. Tena ubapa ni mwembamba. Ndiyo sababu unakata vizuri, lakini ukiutumia kubandulia kifuniko cha kopo ncha itavunjika. Na kukifungua kunataka mikono miwili. Hata hivyo, wahenga waliosema rahisi huvunja upishi hawakukiona kisu hiki.

Sasa swali la tatu: jee, naruhusiwa kutembea nacho?

Mpwa wangu alipokuja Uingereza kusoma nilimpa kimoja kama zawadi. Baada ya wiki chache nilimkaribisha chakula rafiki yangu mmoja wakili. Baada ya kula nikatoa changu kumenya machungwa, nikamsimulia na habari ya ile zawadi. Akaniangalia, akasema, "Huyo kijana unampenda kweli?"

Nikadhani mzaha. Ndipo aliponieleza. Sheria ya mwaka 1988, kifungu cha 139, kwa Uingereza na Wales, inakataza kuwa na kitu chenye makali au ncha mahala pa hadhara bila ya sababu nzuri. Inasamehe kisu cha mfukoni cha kukunja ambacho makali yake hayazidi inchi 3, yaani sentimita 7.62. Namba 8 imeshapita hapo. Lakini hata namba 6, ambacho ubapa wake ni sentimita 7, hakisalimiki. Mwaka 1993, katika kesi ya Harris, mahakama iliamua kwamba kisu kinachojifunga kikiwa wazi, ambacho hukikunji mpaka kwanza ukiachie, si kisu cha kukunja kwa maana ya sheria hiyo. Yaani pete ileile inayokuokoa kidole ndiyo inayokutia hatiani. Adhabu yake inaweza kufika miaka minne jela, na kusema "nilisahau kama ninacho" peke yake si sababu inayokubalika.

Usiku uleule nikampigia simu mpwa wangu: kisu kiache jikoni, kisivuke mlango. Akanijibu, "Mjomba, kimo mfukoni. Nipo ndani ya basi." Jamani! Vijana weusi katika nchi hii husimamishwa na kupekuliwa na polisi mara nyingi zaidi kuliko wenzao weupe. Takwimu za serikali yenyewe zinasema hivyo. Sikupata usingizi mpaka aliponiambia amefika na kisu kimo kwenye mtoto wa meza. Zawadi ilikuwa yangu, lakini rekodi ya polisi ingekuwa yake.

Kwa hivyo, kwa anayeishi Uingereza na anataka kisu cha kutembea nacho kila siku, namba 8 iwe ya jikoni. Cha mfukoni kiwe Opinel namba 5, ambacho hakina pete na ubapa wake ni kama sentimita 6, au Victorinox ndogo ambayo ubapa wake haujifungi. Angalieni vizuri, maana Victorinox nyengine kubwa zinajifunga. Na hata kisu halali kikitolewa kumtishia mtu kinakuwa silaha. Wenzetu wenye majambia wajue kwamba sheria hiyo inataja vazi la kitaifa kuwa ni utetezi, pamoja na dini na kazi, lakini ni juu yako wewe kuuthibitisha. Jambia la harusini ni jambo moja, jambia ndani ya gari kila siku ni jengine.

Walioko nchi nyengine wasichukue haya kuwa ni yao. Marekani kila jimbo lina sheria yake, na baadhi ya miji ina zake. Hata Ufaransa kilikozaliwa kisu hiki, kukibeba bila ya sababu halali kunakatazwa. Na mkisafiri kwa ndege, tieni kisu kwenye sanduku linalokwenda chini, si mkobani.

Changu cha Annecy kingalipo na kingali kikali, lakini sasa machungwa ndiyo yanayoletwa jikoni kukifuata. Kama nimeteleza mahala nisahihisheni, khaswa nyinyi mliosoma sheria.