Idadi ya Watu Inayofuata Mwezi: Funzo la Kabwe

Kabwe imo katika Wilaya ya Nkasi, Mkoa wa Rukwa, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Kutoka Sumbawanga, mji ulio takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, msafiri hupita Namanyere, kisha huteremka hadi ziwani, penye mita 770 hivi. Mteremko huo hubadilisha hata magonjwa: baridi ya Ufipa huwapunguza mbu waenezao malaria, ilhali joto la mwambao huwastawisha.

Mahali ilipo Kabwe panajulikana. Kilicho kigumu ni kusema ina watu wangapi. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, na taa huvuta samaki pakiwa na giza. Mwezi unapokuwa mchanga, mialo hujaa wavuvi, wachuuzi na wakaushaji wa dagaa. Mbalamwezi inapotanda, wengi hurudi makwao au huhamia mwalo mwingine.

Sensa huhesabu kila mtu pale alipolala usiku mmoja. Ile ya mwaka 2012 ilifanyika Agosti 26, siku chache kabla ya mwezi mpevu. Ile ya 2022 ilifanyika Agosti 23, siku nne kabla ya mwezi kuandama. Kwa mkoa mzima tofauti hiyo ni ndogo: Rukwa ilikuwa na watu 1,004,539 mwaka 2012 na 1,540,519 mwaka 2022. Kwa kijiji cha wavuvi, usiku uliochaguliwa unaweza kubadilisha picha.

Athari yake huonekana zahanati. Tuchukue mfano: kituo kimekadiriwa kuwa na watoto 200 wa kuchanjwa, kikachanja 210. Taarifa itasema asilimia 105, na wahusika watapongezana. Lakini kama watoto waliopo mwaloni ni 280, waliofikiwa ni asilimia 75 tu. Watoto 70 hawana kinga, wala hawaonekani popote katika hesabu. Dawa, vyandarua na vitendanishi navyo huagizwa kwa makadirio hayohayo.

Ziwa hili limewahi kuonyesha hatari ya ongezeko la ghafla. Mei 2015, makumi ya maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walifika Kagunga, kijiji cha mwambao mkoani Kigoma. Maji safi na vyoo havikutosha, kipindupindu kikazuka, na watu wakapoteza maisha kabla ya wengi kuhamishwa kwa meli, ikiwamo MV Liemba.

Kwa mhudumu wa afya wa mwambao, basi, takwimu ya sensa ni mwanzo wa kazi. Inafaa aketi na uongozi wa kijiji na wa mwalo kila mwezi, ajue kambi zipi zimejaa, na apange huduma ya mkoba katika siku za giza. Kila mgonjwa mwenye homa au kuhara aulizwe: “Wiki mbili zilizopita ulilala wapi?”

Kwa mgonjwa na mzazi, wajibu ni mwepesi kuliko unavyodhaniwa. Kadi ya kliniki ya mtoto isafiri pamoja naye. Anayetumia dawa za kifua kikuu au za kupunguza makali ya VVU amweleze mhudumu kabla ya kuhama kambi, ili apewe dawa za kutosha au barua ya rufaa. Mvuvi asiyehesabiwa katika kijiji chochote bado ana mwili unaohitaji tiba.