Maana na matumizi ya neno la Kilatini 'lorum'

Wiki jana mwanafunzi mmoja anayetafsiri 'Captivi', tamthilia ya Plautus, aliniletea kazi yake. Alipokutana na neno 'lora', ambalo ni wingi wa 'lorum', aliandika 'mikanda'. Nikamsahihisha papo hapo: andika 'mijeledi'. Leo naandika kukiri kwamba nilikosea.

Kosa langu halikutoka hewani. Maana ya kimsingi ya lorum ni ukanda wa ngozi, ila Warumi waliupa ukanda huo kazi tele. Kwa mwendesha farasi, lora ni hatamu. Kwa mtumwa, ni kiboko, ndiposa aliyepewa kazi ya kuwafunga na kuwachapa watumwa wenzake akaitwa 'lorarius'. Varro, mtaalamu wa lugha wa Roma ya kale, alieleza kwamba hata 'lorica', yaani deraya ya askari, ilipata jina lake hapo kwa kuwa zamani kinga ya kifua ilitengenezwa kwa kanda za ngozi mbichi. Gidamu ya kiatu nayo ilikuwa na neno lake, 'corrigia'.

Sasa turudi kwenye tamthilia. Mzee Hegio amenunua mateka wa vita, bwana na mtumwa wake. Anagundua kuwa amechezewa shere: wawili hao walibadilishana majina, na bwana ameshaenda zake kwao. Kwa hasira, anawaita watumwa wa nyumbani watoke na lora. Mmoja wao anauliza: kwani tunatumwa kuni?

Ukiweka 'mijeledi' hapo, mzaha umekufa. Nani huenda kutafuta kuni na mjeledi? Ukiweka 'mikanda', msomaji wa leo ataona suruali tu. Lora za Hegio ni za kufungia, awe ni mtu au mzigo. Yeyote aliyemwona nyanya wa Kikikuyu akibeba kuni mgongoni kwa 'mukwa', ule ukanda wa ngozi unaopitishwa kichwani, ameliona lorum kwa macho yake. Basi nimemwambia mwanafunzi aandike 'kamba za ngozi', nami nikamwomba radhi.

Ipo maana nyingine ambayo kamba hiyo haiwezi kuibeba. Mtoto wa Kirumi aliyezaliwa huru alivaa hirizi shingoni. Ya mwana wa tajiri ilikuwa ya dhahabu. Juvenal, aliyeandika karne kadhaa baada ya Plautus, anataja ya mwana wa maskini: fundo la lorum tu. Ukanda uleule uliomchapa mtumwa ulikuwa, kwenye shingo ya mtoto huyo, alama kwamba yeye si mtumwa.

Na Tyndarus, mateka anayefungwa kwa amri ya Hegio, ni mtoto wa Hegio mwenyewe, aliyeibwa akiwa na miaka minne. Wakati lora zinaitishwa, mzee huyo bado hajui.