Projekta Sebuleni na Hesabu ya Giza

Projekta ni chombo kinachotoa nuru tu, na katika ukweli huo mdogo ndimo ilimo tofauti yake kubwa na televisheni. Kioo cha televisheni ni cheusi kinapozimwa, hivyo usiku unaoonekana katika filamu hubaki usiku hata taa za sebule zikiwa zinawaka. Projekta haiwezi kurusha weusi. Sehemu ya picha inayopaswa kuwa nyeusi ni mahali ambapo chombo kimejizuia kumulika, na kinachoonekana hapo ni ukuta au skrini kama ilivyo chumbani kwa saa hiyo. Ndiyo sababu anayetaka kuweka sinema nyumbani hana budi kuanza na chumba kabla ya kwenda dukani.

Jumla ya nuru inayotoka kwenye lenzi hupimwa kwa lumeni, na lumeni moja ikitandazwa juu ya mita moja ya mraba huitwa laksi moja. Picha ya inchi 100, ambazo huhesabiwa kwa ulalo kutoka pembe hadi pembe, katika umbo la kawaida la 16 kwa 9 ina upana wa sentimita 221 na kimo cha sentimita 125 hivi, yaani eneo la takriban mita za mraba 2.76, kwa hiyo projekta yenye lumeni 1,000 za kweli itaimulika kwa laksi 360. Taa ya dari ikiongeza laksi 100 juu ya skrini hiyo hiyo, sehemu nyeupe zitapata 460 na zile zinazodaiwa kuwa nyeusi zitapata 100, ikimaanisha kwamba nyeupe haifiki mara tano ya nyeusi. Dirisha la mchana likileta laksi 300, uwiano huo unashuka hadi mara mbili na kidogo, na hapo nyuso za waigizaji hupauka na mpira hupotea uwanjani. Kinyume chake, kiwango cha mwangaza kinachofuatwa katika majumba ya sinema, ambacho ni kandela 48 kwa mita ya mraba, kandela ikiwa ndiyo kipimo cha nuru inayoelekea kwa mtazamaji, hufikiwa kwenye picha ya inchi 100 kwa lumeni 420 hivi endapo chumba kina giza kamili. Pazia zito, basi, hufanya kazi ambayo kununua projekta yenye nguvu maradufu hakuwezi kuifanya.

Katika jambo hili wakazi wa Afrika Mashariki wana neema ambayo hawaisemi. London mwezi Juni jua huzama baada ya saa tatu usiku, ilhali Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi hupata magharibi kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni mwaka mzima, kwa hiyo giza la kutazamia filamu huja bure kila siku na kwa saa inayojulikana. Kinachobaki ni taa za nje, za jirani na za barandani, ambazo pazia huzimudu.

Nuru ya projekta yenyewe nayo ni adui wa picha yake, jambo ambalo wauzaji hulisahau. Ikiisha kuigonga skrini husambaa chumbani, ikaikuta dari nyeupe ya jipsamu na kuta za rangi ya maziwa, kisha ikarudi kwenye skrini na kuyafifisha yale maeneo meusi. Rangi ya kijivu kilichokolea au ya kahawia, isiyong'aa, ikipakwa kwenye kuta za pembeni na kwenye sehemu ya dari zilizo karibu na skrini, huondoa sehemu kubwa ya tatizo hilo. Pangaboi lililoning'inia katikati ya dari linastahili kuangaliwa mapema pia, kwa kuwa mabawa yake huweza kukata njia ya nuru, na mtikisiko wake ukiifikia projekta iliyofungwa kwenye dari hiyo hiyo huonekana ukutani ukiwa umekuzwa mara nyingi.

Mahali pa kuweka projekta huamuliwa na uwiano wa kurusha, ambao ni umbali kutoka lenzi hadi skrini ukigawanywa kwa upana wa picha. Projekta yenye uwiano wa 1.5 huhitaji mita 3.3 ili itoe picha ya inchi 100, na zipo nyingine, zenye uwiano wa karibu 0.25, zinazokaa kwenye kabati chini ya skrini, umbali wa nusu mita tu na kidogo. Chombo kikikaa upande, picha huwa na umbo la trapeza, na ingawa projekta nyingi zinaweza kulinyoosha kidijitali, hufanya hivyo kwa kutupa sehemu ya piseli, yaani nukta zinazounda picha, hivyo heri kuiweka sawasawa tangu mwanzo. Kiti nacho kikiwa kati ya mita 3 na 4 kutoka kwenye picha ya ukubwa huo, picha huchukua nyuzi 30 hadi 40 za upana wa mtazamo wa jicho, upeo unaopendekezwa na wataalamu wa sinema.

Maandishi ya kwenye boksi yasomwe kwa shaka. Lumeni zinazoaminika ni zile zilizoandikwa ANSI au ISO, kwa sababu taratibu hizo hutaka nuru ipimwe katika sehemu tisa za picha na kutolewa wastani. Projekta ya bei ya chini inayojitangaza kuwa na "lumeni 9,000" bila alama hizo aghalabu hutoa sehemu ndogo sana ya idadi hiyo. Vilevile, maneno kwamba chombo "kinakubali" 1080p au 4K huonyesha tu aina ya video kinachoweza kuipokea; kinachopaswa kuulizwa ni idadi ya piseli zake asilia, ambayo kwa picha kubwa isiwe chini ya 1920 kwa 1080.

Skrini ya kununua inaweza kusubiri. Ukuta uliopigwa lipu vizuri, ukasuguliwa na kupakwa rangi nyeupe ya maji isiyong'aa, hutoa picha njema kwa gharama ndogo, tofauti na shuka, ambalo hupitisha nuru hadi nyuma na kuonyesha kila kunjo.

Sauti haiwezi kusubiri, kwani spika ndogo iliyo ndani ya projekta mara nyingi huleta mazungumzo kutoka nyuma ya kichwa cha mtazamaji huku midomo ikicheza mbele yake. Spika mbili zilizowekwa kushoto na kulia kwa skrini, zikaunganishwa kwa waya, hutosha kwa kuanzia. Bluetooth huchelewesha sauti kwa sehemu ya sekunde, na jicho huligundua kosa hilo haraka.

Umeme unahitaji uangalifu wa pekee. Projekta za balbu ya zebaki, ambazo balbu zake hudumu kwa kawaida saa 3,000 hadi 5,000, huendelea kuzungusha feni ya ndani kwa muda baada ya kuzimwa ili balbu ipoe, na umeme ukikatika ghafla joto hilo hukosa pa kutokea na maisha ya balbu hufupishwa. Za leza, zinazotajwa kudumu saa 20,000, zina nafuu upande huo, lakini zote hustahili UPS, yaani betri ya akiba umeme unapokatika, na kusafishwa vumbi mara kwa mara.

Familia ambayo hutazama zaidi katuni za asubuhi, taarifa ya habari ya mchana na mechi za saa kumi jioni, katika sebule yenye madirisha mapana, inunue televisheni ya inchi 65 na isijute. Projekta inawafaa wanaotazama usiku, walio tayari kugharimia mapazia kwanza, kisha rangi na spika, na chombo chenyewe mwishoni.