Machozi na mkono: ‘kulia’ ni neno moja au mawili?

Mwalimu mmoja wa Migori ameniuliza: ‘kulia’ kwa machozi na ‘kulia’ kwa mkono, je, ni neno moja? Darasani kwake wanafunzi wameamua kwamba mkono wa kulia ndio unaopangusa machozi. Hadithi tamu hiyo, ila ushahidi haina.

Tuanze na ‘kula’. Mgusii husema okoria, Mbukusu khulia, Mganda okulya, Mzulu ukudla. Kwa kulinganisha maumbo kama haya, kazi ambayo Mjerumani Carl Meinhof aliiwekea msingi mwaka 1899, wanaisimu wameunda upya kitenzi cha lugha-mama ya Kibantu: *-dɪ-. Kinyota hicho kinatuonya kwamba neno lenyewe halijawahi kuandikwa popote. Limekisiwa kwa kanuni.

‘Kulia’ kwa machozi je? Mbukusu husema khulila, Mkikuyu kũrĩra. Mzizi wake ni *-dɪd-. Kiswahili kiliidondosha l ya pili, kama kilivyofanya katika ‘njia’, ambayo Kikuyu bado ni njĩra. Sasa, mkono wa kulia ni mkono wa kulia chakula: ‘kula’ pamoja na kiambishi cha kutendea, ambacho nacho kilikuwa na l yake ikapotea vilevile. Hapo ndipo maneno mawili yakagongana. Zamani hata toni iliyatenganisha: ya kula ilikuwa juu, ya machozi chini. Kiswahili nacho kikaiacha toni. Basi ni mizizi miwili, mwalimu.

Dholuo haiwezi kutusaidia hapa. Chamo yake ina ndugu kwa Waacholi, camo, na kwa Wadinka, cam; huo ni ukoo wa Kinailoti. Migori tunao Wakuria, ambao Kibantu chao kiko hai. Ila shahidi ninayemhofia yuko Homa Bay: Kisuba cha Mfangano na Rusinga, lugha ya Kibantu ambayo wenyewe wengi wameiacha wakahamia Dholuo, na ambayo UNESCO imeiorodhesha miongoni mwa lugha zilizo hatarini.

Kwa hivyo kama una nyanya Mfangano anayekisema bado, muombe atamke ‘mtoto anakula’ kisha ‘mtoto analia’. Mrekodi kwa simu, usiandike tu. Toni haionekani kwenye daftari.