Njia za Shamba Jipya
Mwaka 1962 ulipoanza mpango wa kuwagawia Waafrika ekari milioni moja za mashamba ya walowezi wa Kenya, jamaa nyingi zilihamia mahali palipokuwa pageni kwao. Katika shamba geni, kazi ya kwanza ni njia. Mwenye shamba na watoto wake na wazunguke mipaka yote wakati wa mvua, wakitazama maji yapitapo, ndipo washike panga. Njia ya mtoni isishuke moja kwa moja, bali ikingame mteremko. Majani yafyekwe, mizizi iachwe, maana ndiyo ishikayo udongo. Njia iliyonyoka huwapunguzia watu hatua, lakini mvua nayo huifuata. Baada ya masika machache huwa korongo, na rutuba ya shamba imekwisha kwenda na maji.