Fahamu: Kodi ya jengo inaweza kujenga mtaa mpya?

Nunua umeme wa LUKU Uyole, Mbeya, au Kihesa, Iringa: kabla hujapata uniti za mwezi, shilingi 1,500 zimekwishakatwa. Hiyo ndiyo kodi ya jengo. Nyumba ya ghorofa hulipa 7,500 kwa kila sakafu.

Kule Chicago, Marekani, jiji hutenga eneo na kuandika thamani ya ardhi na majengo ya siku hiyo. Thamani hiyo ikipanda, kodi inayotokana na ongezeko, kwa miaka 23, hulipia barabara, mifereji, hata nyumba. Wanaopinga husema shule ndizo zinazopunjwa.

Kwetu Tanzania hesabu hiyo inakwama mlangoni. Lami ifike, kiwanja kipande bei mara tatu, makato yanabaki 1,500 zilezile. Utajenga kwa kutegemea ongezeko gani?

Kinachokaribia ni KKK, yaani Kupanga, Kupima na Kumilikisha: Serikali huikopesha halmashauri, nayo hupima viwanja, huuza, hurejesha. Ila thamani huvunwa mara moja tu, siku ya mauzo. Mifereji ya mtaa huohuo hutafutiwa fedha kwingine.